Barua za Marehemu kwenye Zilizotumwa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa duka, fundi viatu alifanya mambo matatu. Alifagia vipande vya ngozi. Alipangusa miguu ya mbao rafuni. Kisha aliwasha kompyuta na kutuma vipimo kwenye kiwanda cha soli kwa barua pepe.

Viatu vyake havikuwa vya kila mtu. Aliwashonea wenye mguu mmoja mfupi, au kisigino kilichopinda. Kila mteja alikuwa na miguu yake ya mbao, ile ambayo kiatu hushonewa juu yake. Rafu nzima ilijaa miguu, kama watu waliosimama kimya ukutani, wasioonekana kuanzia vifundoni kwenda juu. Zamani yeye na mumewe waliitania miguu hiyo. Mumewe alipofariki, miezi tisa iliyopita, utani ukaisha.

Asubuhi hiyo alibofya "Tuma". Akafungua folda ya "Zilizotumwa" kuhakikisha kwamba nakala imebaki, maana watu wa kiwanda walipenda kubisha. Nakala ilikuwepo. Lakini juu yake palikuwa na barua nyingine.

Ilionyesha kuwa imeingia leo, saa moja na dakika nne. Mwandishi alikuwa mumewe.

Alisogeza kipanya. Akaifungua.

"Dada yangu, leo mvua imetunyeshea hadi ndani ya duka. Mke wangu amevaa viatu vya mteja, kimoja kirefu, kimoja kifupi, anatembea kama bata ili nicheke."

Nje hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa linapiga dirishani.

Alipoinua macho, barua ya pili ilikuwa imeingia. Kisha ya tatu. Hakuna aliyegusa kitu. Zilijipanga moja juu ya nyingine, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na kupumzika kila kidato.

"Mama," aliita. "Njoo utazame."

Mama mkwe wake, aliyeishi naye pale dukani, alitoka chumba cha nyuma. Alisimama mbali na meza.

"Zinaingia," alisema, kama anayeongea peke yake. Akarudi ndani.

Fundi hakushangaa. Tangu msiba, wawili hao walizungumza habari za chumvi na maji tu. Yeye aliamini kwamba mama mkwe anamvumilia. Alikuwa ameshapanga nguo zake kwenye sanduku. Mwisho wa mwezi angerudi kwao, na duka lingefungwa.

Barua ya nane iliingia. Fundi alizichagua zote.

"Nitazifuta," alisema. "Nikiziacha nitarukwa na akili."

"Usizifute." Mama mkwe alikuwa tena mlangoni. "Muulize Bi Waya kwanza."

Bi Waya alikuwa akitengeneza kompyuta za watu katika duka la jirani. Mfuko wake haukukosa waya, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Mashine huzimika, huchelewa, hudanganya saa," alisema. "Lakini marehemu hawatumi barua. Hawana neno la siri."

"Yeye analo," fundi alisema. "Ndilo tunalotumia mpaka leo."

Bi Waya aliweka kikombe chini. Alitazama barua ya tisa ikiingia.

"Hizi zinatoka kwenye mashine nyingine. Nani mwingine anatumia sanduku hili la barua?"

"Hakuna. Kuna laptop yake, ila ilizimwa siku aliyofariki. Imo kabatini."

Ndipo waliposikia, nyuma ya ukuta, mvumo mdogo. Vuuu. Ulikata, ukaanza tena, kama mtu anayepumua usingizini.

Fundi alimshika Bi Waya mkono wakaingia chumba cha nyuma. Laptop ya marehemu ilikuwa wazi juu ya kitanda cha mama mkwe. Kioo kilikuwa na mistari. Feni yake ndiyo iliyovuma.

"Ni mimi," mama mkwe alisema, akitazama miguu yake. "Nimezivuta kwa kipanya, nikaziweka kwenye hiyo Zilizotumwa ya duka."

Bi Waya aliketi kitandani.

"Sasa naelewa. Fundi, unapotuma barua, programu huweka nakala. Lakini lazima iambiwe iiweke wapi. Ya marehemu iliweka nakala ndani ya laptop hii tu. Kwa hiyo wewe dukani hukuziona."

"Na vipimo alivyotuma yeye?"

"Vimo humu vyote."

"Miezi tisa nawapima wateja upya," fundi alisema. "Mmoja alinuna nilipomwambia avue soksi tena."

"Hata mimi ningenuna."

"Na ile saa ya leo?"

"Ni saa ya kuingia kwenye folda. Ifungue barua utaona tarehe aliyoiandika. Zinaingia moja moja kwa sababu mtandao ni mzito."

"Na ningezifuta?"

"Bibi hakunakili, alihamisha. Kila barua inayofika dukani inatoka humu. Ungefuta, zingekaa kwenye Takataka siku chache, kisha basi. Zisingekuwepo popote."

Fundi alikaa chini sakafuni.

Bi Waya hakuondoka mpaka kazi imekwisha. Alifungua mipangilio ya laptop, akatafuta sehemu ya nakala za barua zilizotumwa, akachagua folda ya sanduku lenyewe, ile inayoonekana kwenye mashine zote. Kwenye kompyuta ya duka alimwachia fundi ahakikishe mwenyewe kwamba iko hivyo. Kisha wakatengeneza folda mbili: Vipimo na Familia. Ndani ya Vipimo waliweka folda ya kila mwaka. Mwisho wakanakili zote kwenye flashi.

"Kunakili, siyo kuhamisha," Bi Waya alisisitiza. "Na kila mwezi unanakili tena. Laptop hii inaweza kufa wakati wowote."

"Mimi nilidhani barua ikiwekwa kwenye Zilizotumwa, inatumwa," mama mkwe alisema.

Bi Waya hakucheka. "Hapana, Bibi. Hiyo ni folda ya kumbukumbu. Barua ukiiweka humo haiendi kwa mtu."

Mchana alikuja mwalimu mmoja kuagiza jozi ya pili. Alianza kufungua kamba za viatu.

"Usihangaike, mwalimu," fundi alimwambia. Akaandika jina lake kwenye kompyuta, na barua ya mwaka juzi ikatokea. Kipimo kilikuwa kimekamilika, hadi unene wa soli.

Mwalimu alipoondoka, fundi alikwenda chumba cha nyuma. Mama mkwe alikuwa anaifunga laptop kwa shuka.

"Mama, ulitaka barua zile ziende kwa nani?"

Mikono ya mama mkwe ilisimama.

"Kwako," alisema. "Nimezisoma zote alizomwandikia dada yake. Hakuna hata moja isiyokutaja. Nilitaka uzione, mdomo ukawa mzito. Nikaona mashine inisemee." Alivuta pumzi. "Nimeliona sanduku lako la nguo. Usiende, mwanangu. Usidhani nakuvumilia tu. Nakupenda."