Chungu Kisichochemka

Hebu fikirini jiko la nje, asubuhi, katika kijiji kipya karibu na Mwamkulu, mwaka ule wa sabini na nne watu walipohamishiwa vijijini. Kuni ni kavu, moto unawaka vizuri. Juu ya mafiga kuna chungu cha maji, na mwanamke mmoja, Romana, anachovya kidole ndani. Maji ni baridi.

"Mama Specioza, unapika maji au unayalaza?" jirani yake Hilaria alimchekea. "Wenzio tumeshakula, wewe bado unabembeleza chungu!"

"Kuni mbichi, dada," Romana alijibu bila kumtazama.

Alijua si kuni. Udongo wa kule walikohamishiwa ni mweusi, hauna jiwe, na mafiga yake ya zamani yalikuwa yamepasuka. Siku ya kuhama, lori likipiga honi, alikimbia nyuma ya nyumba akang'oa mawe matatu yaliyozunguka kaburi la mama mkwe wake, Imakulata. Mumewe, Ponsian, alikuwa juu ya lori akifunga mbuzi. Hakuona.

Basi uji wa nyumba ile ukawa unga mbichi katika maji baridi, na binti yao Specioza akaunywa. Akaanza kupoa. Kwanza vidole, halafu miguu. Alitetemeka juani, mchana kweupe, na mwilini alinuka udongo uliochimbuliwa leo.

Jioni moja Romana alimpakata mtoto karibu na moto, akasikia kijiko kikikwangua bakuli tupu, krr, krr, na sauti haikutoka kwa Hilaria wala ndani ya nyumba bali chini ya chungu, katikati ya mafiga, pale penye moto ambapo hakuna mtu anayeweza kukaa, kisha ikaja sauti ya kizee, ya upole, ile ile aliyoisikia wiki nzima Imakulata alipokuwa anaumwa, naye Romana, amechoka na harufu ya ugonjwa, akimwekea kiporo cha uji wa jana na kuondoka:

"Romana, mwanangu, nipashie kidogo."

"Nani anaongea?" Ponsian alinong'ona mlangoni.

"Jini," alisema Romana. Aliona heri iwe jini.

Wakamwita mganga, mzee Nyanda. Aligusa figa moja, akauondoa mkono haraka.

"Mmeniitia jini. Hapa hakuna jini, kuna mtu ana njaa. Mama, mawe haya umeyatoa wapi?"

Romana alitazama miguu ya mumewe. Angeweza kusema mtoni. Lakini midomo ya Specioza ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Kwa mama," alisema. "Nilimlisha uji wa baridi mpaka akafa. Halafu nikamnyang'anya na mawe yake."

Ponsian hakumgombeza. Aliinama, akabeba jiwe la kwanza begani.

Walirudi kwenye mahame yao, upande wa Misunkumilo. Romana aliyapanga mawe yale kandokando ya kaburi, akateleka chungu, akawasha moto, na chungu kikachemka mara moja. Alimimina uji juu ya udongo, akapiga magoti.

"Mama, huu ni wa moto. Nisamehe."

Mgongoni mwa Ponsian, mtoto alianza kutoka jasho.

Mawe waliyaacha pale, na baada ya hapo Romana alifinyanga mafiga ya udongo wa kichuguu, na kila asubuhi alitenga bakuli la kwanza pembeni ya jiko. Mvua zilipoanza, siku moja alikawia kulitenga. Specioza, aliyekuwa akicheza kando ya moto, aliinua kichwa.

"Mama, bibi anasema wake umepoa."

Watoto wangu, mengi ya hadithi hii mtayasahau, na si vibaya. Nawaomba mkumbuke hili moja tu: mgonjwa akisema nipashie, mpashieni.