Dumu la Petroli na Neno la Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi mbili: kumnywesha baba chai, kisha kubeba dumu la petroli hadi gatini, mama alikotayarisha boti. Jina la Chiriku alibandikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado alizungumza mfululizo kama redio iliyosahauliwa kuzimwa.

Baba yake alikuwa mvushaji watu mtoni. Mto wenyewe ni mpana na daraja liko mbali, na ng'ambo ndiko iliko zahanati. Siku moja alipokuwa akifunga viatu, kiharusi kilimwangusha. Tangu hapo mkono na mguu wake wa kulia vililala, na maneno yakawa yanamkwama kinywani. Akianza neno, Chiriku alimmalizia.

"Mto... mto..."

"Mto wa kulalia? Huu hapa, baba," Chiriku angesema, na kabla baba hajatikisa kichwa, mto ungekuwa umekwisha kusukumwa nyuma ya shingo yake. Huenda alitaka kuuliza habari za mtoni. Hakuna aliyengoja kujua.

Mama alichukua kazi ya boti. Nyuma ya boti hiyo ya mbao ilifungwa injini kuukuu, iliyomzidi Chiriku umri mara mbili. Mama aliijua. Alijua kuvuta kamba ya kuwashia, na alichanganya petroli na oili kwa kipimo kilekile alichomwona mumewe akikitumia. Alibadilisha jambo moja tu. Baba alikuwa na desturi ya kununua petroli kwenye kituo cha mbali, nyuma ya maghala, ilhali kituo kipya kilikuwa jirani na shule. Mama alizoea kumtania kwamba anafuata soga za wenzake huko. Kwa hiyo kazi ya kununua ilipomwangukia Chiriku, walikubaliana achukue pale jirani, akitoka darasani.

"Leo hata sikuchoka, baba," Chiriku alimwambia jioni ya kwanza, akilitua dumu barazani. "Nimenunua pale karibu na shule. Wewe ulikuwa unajitesa bure."

Baba alilitazama dumu, akaguna, akaanza, "Ma... ma..."

"Mama yuko gatini. Anakuja sasa hivi."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha injini ikaanza kukohoa. Ilikuwa ikiwaka, inanguruma kidogo, halafu inazimika kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Fundi wa injini aliitwa, akabadilisha plagi, ikatulia kwa muda, ikarudia yaleyale. Akabadilisha tena. Abiria wakawa wanaulizana kwa sauti ya chini kabla ya kupanda.

Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya gati, na kutoka dirishani baba aliisikia injini kila ilipokwama. Kila mara uso wake ulikunjamana, akajitahidi: "Ma... ji..."

"Maji? Haya, baba." Chiriku alileta kikombe. Baba alikisukuma, maji yakamwagika kifuani. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Siku nyingine alikipiga kikombe kwa mkono wa kushoto, kikavunjika, kisha akalia kimya kimya huku akiangalia ukutani.

"Mvumilie," mama alimwambia Chiriku jikoni. "Ugonjwa huu humtia mtu hasira asizokuwa nazo." Lakini naye alikuwa amefuta macho kwa pindo la kanga.

Jumamosi moja Chiriku alimsindikiza mama kazini. Alipanda mwanamke kijana aliyempakata mtoto mchanga mwenye homa kali. "Mama, tuharakishe," alisema. "Tangu alfajiri hanyonyi."

Katikati ya mto injini ilikohoa, ikazimika. Mama alivuta kamba. Akavuta tena, hadi viganja vikachubuka. Maji yalikuwa na nguvu. Boti iligeuka ubavu, ikaanza kuchukuliwa kuelekea kwenye mawe. Abiria walishika makasia, wengine wakapiga maji kwa mikono. Chiriku naye alipiga maji pamoja nao. Alisikia tu mtoto akilia, halafu akasikia ameacha kulia, na hilo la pili lilimtisha zaidi.

Matete ya ukingo wa ng'ambo ndiyo yaliyowazuia, mbali sana na gati, upande mto unakoteremkia. Ilibidi wapite matopeni na kutembea mwendo mrefu. Walipofika zahanati, mtoto alikuwa amepata degedege. Muuguzi alimpokea mbio, na kwa bahati akamwokoa. Mama alipokwenda kuomba radhi, yule mwanamke hakumfokea. Alisema tu, "Sitapanda tena boti yako, mama. Nisamehe."

Habari zilienea. Siku zilizofuata gati lilikuwa tupu. Watu waliona heri kuzunguka kwa miguu hadi darajani. Baba naye, aliyekuwa akivushwa kwenda kufanyishwa mazoezi ya viungo, akawa haendi tena, na vidole vyake vilivyokuwa vimeanza kufunguka vikarudi kujikunja. Mama alikaa jikoni mbele ya jiko lisilo na moto.

"Nimeshindwa," alisema mwishowe. "Kesho anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Aichukue injini. Ningeua mtoto wa watu."

Chiriku alitoka, akaketi barazani karibu na kiti cha baba. Alizoea kumsimulia habari za shule, lakini jioni hiyo hakuwa na habari yoyote. Alijikunyata tu.

Baada ya muda baba alianza. "Ma..."

Chiriku hakuwa na nguvu ya kummalizia. Akangoja.

"...ji."

Kikombe kilikuwa pale pale kwenye kigoda, kimejaa. Baba hakukitazama. Mkono wake wa kushoto ulipanda taratibu, ukaelekea pembeni ya baraza, lilikokuwa dumu. Midomo ilihangaika. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"...nda... ni."

Chiriku aliligeukia dumu. "Maji yamo ndani ya petroli?" aliuliza polepole.

Baba alifumba macho, akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamtiririka hadi kidevuni.

Mama alipoitwa, hakuamini mara moja. Alikwenda gatini, akateka petroli ya chini kabisa ya tangi, akaimimina kwenye chupa ya kioo. Wakaiweka uani, mbali na moto, wakaiacha itulie. Ilipotulia waliona tabaka mbili: juu petroli, chini maji yenye ukungu kama ya kuoshea mchele. Mama alikaa chini pale pale mchangani.

"Muda wote huu alikuwa anatuambia," alisema. "Na sisi tunamletea kikombe."

Asubuhi, mnunuzi wa vyuma alipofika alikuta injini imefunguliwa juu ya meza, akarudishwa mikono mitupu. Fundi alishika mpira wa kupitishia mafuta, ukamkatikia vidoleni kama ubani wa kutafuna.

"Petroli ya kile kituo kipya imechanganywa na spiriti," alieleza. "Magari ya siku hizi yametengenezwa kuivumilia. Hii ni ya zamani. Spiriti inalainisha mipira yake, na inavuta maji kutoka hewani. Ukikaa mtoni, ndiyo zaidi. Na mimi nimekazana na plagi tu, sikuuliza mnanunua wapi. Lawama hii tugawane."

Walimwaga petroli yote kwenye pipa la fundi, wakasafisha tangi na kabureta, wakafunga mipira mipya. Kila hatua mama alimgeukia mumewe: "Hivi?" Naye aliitikia au alikataa kwa kichwa. Chiriku alichukua dumu kavu, akaenda hadi nyuma ya maghala, na huko alimwomba muuzaji amhakikishie kwamba petroli yake haina spiriti. Kurudi, dumu lilimlemea, lakini hakulalamika.

Injini iliwaka. Haikukohoa. Abiria hawakurudi kwa mkupuo. Walirudi mmoja mmoja, wakiwa na wasiwasi, na yule mwanamke mwenye mtoto aliendelea kupita darajani. Mama hakumlaumu.

Siku ya kwanza baba alipovushwa tena kwenda mazoezini, walimkalisha mbele, Chiriku kando yake. Walipofika ng'ambo, mama alizima injini, akasema kabla hawajashuka:

"Chiriku, nataka ulishike hili, na mimi nalishika. Injini kuukuu ina mafuta yake; hailishwi chochote kwa sababu tu kinapatikana karibu. Mwenye kuijua tulikuwa naye nyumbani. Tukamwona mgonjwa tu, tukasahau kwamba bado ni fundi wa boti yake. Mtu asiyeweza kusema haraka si kwamba hana la kusema. Mwache amalize."

"Nimesikia, mama."

Baba aligeuza uso. "A..." alianza.

Abiria wawili walikuwa wamesimama tayari kushuka. Chiriku aliwaomba kwa mkono wasubiri kidogo. Alijua maneno mengi yanayoanza hivyo, na yote yalimjia ulimini. Akayazuia, akamtazama baba machoni, akangoja.