Shati la Kijani Kwenye Orodha

Rafiki yangu mtengeneza programu ndiye aliyenisimulia haya, na mpaka leo sijui nimwamini au nimcheke. Stoo ya vitu vinavyosahaulika kwenye mabasi ilimpa kazi ya kutengeneza tovuti ya kuvitafuta. Utafutaji wenyewe ulifanywa na huduma ya mtandaoni: ukibonyeza herufi moja tu inatumwa huko, naye anaiona kwenye skrini yake.

Mchana mmoja, akifanya kazi humo stoo, akaona herufi zinaingia, na tovuti bado haijafunguliwa kwa umma.

"Mzee, umegusa ile kompyuta ya stoo, nyuma ya rafu?" alimuuliza mtunza stoo.

"Nani, mimi? Hata kuiwasha sijui, mwanangu."

Hakumwamini. Ndipo alipokumbuka kosa lake: ufunguo wa siri, yaani msimbo wa kuongeza vitu kwenye orodha, aliuacha wazi ndani ya ukurasa wa tovuti, ambapo yeyote angeweza kuusoma. Akaufuta, akatengeneza mwingine, asimwambie mtu. Mzee akaenda kula.

Umeme ukakatika. Stoo haikuwa na dirisha, giza likajaa tele. Kompyuta ya rafiki yangu ikabaki inatumia betri na mtandao wa simu. Nyuma ya rafu, kibodi ya ile kompyuta ya stoo iliyozimika ikalia: ta. Ta. Ta. Kila mlio, herufi mpya kwenye skrini, mpaka ikasomeka "shati la kijani".

Likatokea jibu moja, ambalo hakuna aliyewahi kuliandika: "Shati la kijani, kifungo cha pili hakipo. Limeokotwa Alhamisi, basi la asubuhi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Taratibu akapapasa kifua cha shati lake la kijani. Kifungo cha pili kilikuwepo, kinaning'inia kwa uzi mmoja.