Pini ya Chini

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji.

Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, alitandaza mchoro wa duka la dhahabu juu ya boneti. Genge lake lilikuwa na sharti moja: kabla ya kazi, kila mtu anawafundisha wenzake ujuzi wake wote. Anayebana, haendi.

Sharti hilo ndilo lililozaa mpango. Tairi, dereva, alimsikia Shangazi akieleza jinsi mafundi wa viyoyozi wanavyoingia dukani bila kupekuliwa. Akaunganisha na yale aliyojifunza kwa kaka yake, fundi wa makufuli.

"Usiku wa nini?" akauliza. "Tuingie mchana kweupe, na ovaroli zetu."

Shangazi alicheka akashika mbavu. "Dereva ana kichwa huyu!"

Kaka mtu hakucheka. Walimwita Funguo, na miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akisifiwa hivyo. Wivu ukamwingia.

"Zamu yako," Shangazi akamgeukia. "Mlango wa stoo. Mwaga yote."

Funguo akaeleza jinsi ya kuufungua kwa nje: makomeo matatu ya juu, moja baada ya jingine. Tairi akarudia kwa vidole hewani mpaka akashika. Ipo pia pini ndogo chini kabisa, kwa ndani, inayomtoa mtu aliyefungiwa. Habari ya pini hiyo Funguo hakuitaja. Akishawapa kila kitu, yeye atabaki na nini? Tena mwenye kuingia stoo ni yeye.

"Ndiyo yote?"

"Yote, Shangazi."

Saa saba mchana.

Mlinzi aliwafungulia geti mwenyewe, akawaambia hata kiyoyozi kipi kinavuja. Wauzaji walikuwa wameenda kula. Makomeo yakalegea bila kelele. Lakini ndani rafu zilikuwa zimesogezwa, upenyo umebaki mwembamba, na Funguo alikuwa na kitambi chake.

"Shika mlango, kaka. Naingia mimi."

Funguo akafungua mdomo. Kusema sasa ni kukiri kwamba alificha, na Shangazi hakuwa mtu wa kusamehe.

"Fanya haraka, mdogo wangu," akasema.

Mlinzi alirudi kuuliza kama wanahitaji ngazi, akauona mlango wa stoo wazi. Shangazi akachomoa bastola, akafyatua. Funguo akaruka kwa mshtuko, mkono ukaachia. Mlango ukajifunga taratibu, Tairi akiwa ndani.

"Fungua!" Shangazi akamwamuru Funguo.

"Ukijifunga hivi, kwa nje haufunguki mpaka saa nzima ipite."

"Kwa ndani je?"

"Unafunguka."

"Anajua?"

Funguo akainamisha kichwa. Mlinzi alikuwa sakafuni, hatikisiki. Hii haikuwa tena kesi ya wizi. Mbali kidogo king'ora kikaanza kulia.

Shangazi hakumpotezea hata risasi. "Basi kaa naye," akasema, akatoka na gari.

Funguo akapiga magoti. "Chini! Pini iko chini!" Chuma kilikuwa kinene mno. Akabandika kiganja. Aliusikia mtetemo: Tairi anagonga makomeo ya juu, moja, la pili, la tatu, kwa mpangilio uleule aliofundishwa asubuhi. Akatulia. Akaanza tena juu.

Askari walipoingia walimkuta Funguo amelaza shavu sakafuni, analia, anakiambia chuma kitu ambacho angeweza kukisema asubuhi kwa neno moja.