Ubao Uliokatwa Kinyume

Kila asubuhi ya likizo, Shamila alifagia kibanda cha baba yake kabla jua halijapanda. Kibanda kilikuwa Ng'ambo, mjini Tabora, kando ya barabara ambayo mwezi wa Juni vumbi lake hukaba koo. Baba yake, Fundi Mabruki, alitengeneza mambo ya ndani ya magari. Injini hakuzigusa kabisa. Yeye alishona viti, alivalisha milango, na plastiki ya gari la zamani ilipopasuka na dukani haipatikani tena, alichonga nyingine kwa mbao. Watu walimletea magari hata kutoka Kaliua.

Shamila alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alipenda kusifiwa kuliko alivyopenda wali. Hilo peke yake si kosa, nani asiyependa sifa? Tatizo ni kwamba likizo ile sifa zote zilikwenda kwa Tekla.

Tekla alikuwa binti wa Mama Yustina, mshonaji wa viti pale kibandani. Walisoma darasa moja na Shamila, na nyumba zao zilipakana. Tekla akipiga msasa, ubao ulilainika hadi mtu akatamani kuulalia. Akikata sponji ya kiti, huoni kisu kilipopita. Lakini mkono wake wa kazi ulikuwa wa kushoto. Alikuwa mashoto, na mashoto kwetu hana raha. Akimpa mtu kikombe, anaambiwa abadilishe mkono. Akiandika shuleni, wenzake wanacheka. Fundi Mabruki mwenyewe alimsifu huku akimchoma, akisema kazi hiyo ingefanywa na mkono wa kulia, angeiita ya fundi. Watu walicheka. Tekla naye alicheka, angefanya nini?

Siku moja akaja Mwalimu Dionis, mstaafu anayeishi upande wa Kipalapala, na Datsun yake kuukuu. Kile kipande cha plastiki kinachokaa katikati ya viti vya mbele, pale gia na breki ya mkono zinapochomoza, kilikuwa kimeliwa na jua hadi kikasambaratika. Hakutaka kingine cha plastiki. Alishusha ubao mmoja wa mninga, ameufunga kwa khanga, akaulaza mezani taratibu.

Alieleza kwamba ule ulikuwa ubao wa kichwani wa kitanda cha mkewe, marehemu Pelagia. Mchwa walikuwa wamekila kitanda chote, wakabakiza huo tu, tena upande mmoja. Upande wa pili walikuwa wameshachimba mifereji yao.

"Pelagia alikaa kiti kile maisha yake yote," alisema, akionyesha kiti cha abiria. "Nataka ubao wake uwe katikati yetu. Sina mwingine, fundi. Ukiharibika huo, basi tena."

Fundi Mabruki alimwambia awe na amani. Alichukua boksi la sabuni, akalikata, akalipima ndani ya gari hadi likakaa sawasawa. Hicho ndicho kilikuwa kigezo chake: tundu la gia katikati, na tundu la breki ya mkono likielekea kulia, upande wa dereva. Vipimo aliviandika kwa penseli upande mtupu wa boksi, kwa sababu upande wenye maandishi ya kiwandani penseli haionekani. Upande mtupu ndio uliokuwa uso wa kigezo. Ndivyo ilivyokuwa pale kibandani siku zote, ingawa hakuna aliyewahi kukaa chini akamwambia Shamila hivyo.

Ilikuwa Ijumaa. Kabla hajaenda msikitini, Mabruki alisema mtu asiukate ubao ule mpaka arudi. Kisha akaongeza kwamba akirudi, Tekla ndiye atakayemshikia ubao. Neno hilo halikumpendeza Shamila. Yeye ni binti wa fundi, halafu ubao ashike mashoto?

Mama Yustina alikwenda sokoni kununua nyuzi. Tekla alichukua ndoo kwenda bombani. Shamila akabaki peke yake na ubao, na akaona hapa ndipo pa kumwonyesha baba yake. Aliweka kigezo juu ya mninga, maandishi ya sabuni yakiangalia juu, maana kwa akili ya kawaida uso wa boksi ni penye maandishi. Akachora. Akatoboa kwa keke. Akakata kwa msumeno mwembamba, polepole na vizuri, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Kwa kweli alikata vizuri sana.

Tekla aliporudi, aliitua ndoo, akautazama ubao, akasema, "Shamila, umegeuza."

Shamila alikimbilia kwenye Datsun kuupima. Gia ilipita. Breki ya mkono ilikuwa chini ya mbao ngumu, na tundu lake lilikuwa upande wa kushoto, limekikodolea macho kiti cha marehemu. Akaurudisha mezani.

Mabruki alirudi akiwa na mafundi wawili wa vibanda vya jirani. Aliuona ubao kabla hajavua kofia. Hakupaza sauti, na hilo liliwatisha wote zaidi. Aliuliza nani amekata.

"Tekla," Shamila alisema. "Nilimkataza."

Tekla alisema si yeye. Alisema alikuwa bombani, akaonyesha hata ndoo. Mabruki hakuitazama ndoo. Alimwambia kwamba kitu kilichokatwa kinyume kimekatwa na mtu wa kinyume, na kwamba mwanawe anatumia mkono wa kulia, basi angekosea vipi? Wale mafundi wakaitikia kwa vichwa. Kwao hesabu ilikuwa imekamilika, na hakuna aliyetaka kuirudia.

Mama Yustina alipofika na nyuzi zake, hukumu ilikuwa tayari. Mkono ule usiguse tena kazi ya Mabruki. Ama ufungwe, msichana ajifunze kutumia wa kulia kama watu, ama mama na mwana watafute kibanda kingine. Mmoja wa mafundi akasema samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri, lakini siku hiyo ilitumika kama fimbo.

Mama Yustina hakuwa na cherehani yake mwenyewe; aliyoshonea ilikuwa ya Mabruki. Alimtazama Mabruki, akamtazama binti yake, kisha akaokota utepe wa ngozi ya bandia uliobaki kwenye viti. Akaufunga mkono wa kushoto wa Tekla kiunoni. Aliukaza, na aliukaza zaidi ya ilivyohitajika, ili fundi aone kwamba umekazwa. Tekla alikuwa akiyatazama mafundo yakifungwa.

Mnataka kujua Shamila alijisikiaje? Kwanza aliogopa. Halafu akapata nafuu. Na kesho yake baba yake alipomkabidhi yeye msasa, alifurahi. Nasema wazi, msije mkadhani alikuwa chumbani analia. Alilala vizuri na alikula vizuri.

Tekla ndiye aliyejua joto la jiwe. Alishona viti kwa mkono mmoja usiojua kitu, akimwaga misumari, akipinda nyuzi, akikaripiwa. Mafundo yaliacha alama kwenye kifundo cha mkono. Watoto wa mtaa walitunga wimbo wa mashoto aliyefungwa kama mbuzi, wakawa wanauimba wakipita. Siku moja Shamila naye aliucheka. Tekla alimsikia, akainamia kazi yake.

Kisha ikaja siku ya sponji. Tekla aliagizwa akate sponji nene ya kiti cha lori. Mkono wa kushoto ungeishika huku wa kulia ukikata, lakini wa kushoto ulikuwa kiunoni, basi akaibana kwa goti. Kisu kilikuwa kikali na mkono wa kulia ulikuwa mgeni. Kiliteleza, kikaingia pajani.

Damu ilikuwa nyingi. Mabruki, badala ya kuzungumza na mtoto, alinung'unika kwamba mkono ule una mkosi hata ukifungwa. Mama Yustina na Shamila wakampandisha Tekla kwenye bajaji hadi zahanati. Shamila alishika kitambaa pajani njia nzima, na damu ilimpitia vidoleni ikiwa ya moto.

Muuguzi aliosha jeraha, akalishona. Alipoona utepe na mafundo, alichukua mkasi akaukata bila kuomba ruhusa. Kisha akamuuliza Tekla amefanya nini hadi afungwe. Mama Yustina alitazama sakafu.

"Nilikata ubao wa watu kinyume," Tekla alisema.

Shamila alidhani hakusikia vizuri. Muuguzi akauliza tena, ni kweli alikata? Tekla akajibu, "Ndiyo, ni mimi. Mkono wangu ndivyo ulivyo." Hakuwa akimsema mtu wala kumtetea mtu. Alikuwa ameambiwa sana, hadi akaamini.

Hapo ndipo kitu kilipomvunjika Shamila. Uongo wake alikuwa ameuweka kwenye masikio ya watu wazima tu, kumbe ulikuwa umeingia hadi ndani ya Tekla, ukakaa humo kama ukweli.

"Siyo yeye," alisema. "Mama Yustina, siyo yeye. Nilikata mimi."

Mama Yustina hakumpiga wala hakumtukana. Aliokota vipande vya utepe, akavitia kwenye mkoba, akapiga magoti mbele ya binti yake, akalia kwa sauti katikati ya wagonjwa. Shamila angependelea kofi.

Kibandani walimkuta Bibi Zabibu, mama yake Mabruki, amerudi asubuhi hiyo kutoka kwa ndugu zake Kaliua. Shamila alisema yote mbele yake na mbele ya baba yake. Alisema aliweka maandishi ya sabuni juu kwa kudhani ndio uso. Mabruki aliamini, kwa sababu neno hilo asingelijua ila mtu aliyekata. Kisha akaokota kipande cha mbao kumchapa.

"Weka chini," Bibi Zabibu alisema. "Ukitaka kupiga kwa kosa hili, anza na wewe. Mtoto alisema neno moja, ukamfunga mtoto wa mwenzio. Ulimuuliza nani alikuwa bombani?"

Mabruki akaweka kipande chini.

Mwalimu Dionis alipokuja kuchukua gari lake, Shamila ndiye aliyetumwa mbele. Alimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikiwa, kisha akasimulia yote mwenyewe, hata ile sehemu ya mafundo. Mzee alikaa kwenye kiti cha dereva, ubao mapajani. Halafu akaugeuza chini juu na kuuweka mahali pake. Ukaingia sawasawa. Breki ya mkono ikachomoza palepale inapotakiwa.

Mabruki alisema kwa aibu kwamba upande huo umeliwa na mchwa, fundi hawezi kuutoa nje.

"Mchwa hao wamelala kitanda kimoja na sisi," Mwalimu Dionis alisema. "Zibeni, msiwafiche. Lakini huyo binti mliyemfunga, yeye mtamziba na nini?"

Akaurudisha ubao mezani uzibwe.

Shamila alifanya kazi hiyo peke yake. Alikusanya unga wa mninga uliomwagika chini ya msumeno, akauchanganya na gundi, akaujaza katika mfereji mmoja baada ya mwingine, akangoja ukauke, akapiga msasa, akajaza tena palipobonyea. Vumbi jekundu lilimwasha pua, na viganja vilitoka malengelenge. Mabruki alikwenda nyumbani kwa Mama Yustina kumwomba Tekla aje apake vanishi ya mwisho, kwa mkono wowote anaotaka. Tekla alijibu, "Sitaki." Mabruki akarudi, akaipaka yeye.

Gari lilipoondoka, Bibi Zabibu aliwachukua mwanawe na mjukuu wake hadi kwa Mama Yustina. Mabruki aliomba radhi kwanza, mbele ya wale mafundi wawili aliowaburuta makusudi. Alimwambia Mama Yustina cherehani ile ni ya kwake tangu siku hiyo. Mama Yustina alishukuru kwa sauti ndogo, bila kucheka naye.

Kisha Shamila akasogea. Tekla alikuwa amekaa mkekani, mguu umenyooshwa, bandeji bado nyeupe. Shamila alisema amekosa, amesema uongo, na anaomba msamaha. Akanyoosha mkono wake wa kulia.

Tekla akanyoosha wa kushoto.

Mtu haamkiwi kwa kushoto, hilo kila mtoto wa Tabora hulijua kabla hajajua kusoma. Mama Yustina alianza kusema, "Badili..." akaishia hapo, akaziba mdomo wake mwenyewe. Kwenye kifundo cha mkono ule alama za mafundo zilikuwa hazijafutika.

Shamila aliupokea kwa mikono yake yote miwili. Tekla hakutabasamu, lakini hakuuvuta.

"Ushike vizuri uujue," Bibi Zabibu alimwambia mjukuu wake, kisha akawageukia wakubwa. "Mkono huu haukukosa kitu. Uliokosa ni ulimi wako, Shamila, na masikio ya wakubwa wako, maana waliusadiki uongo kabla hujamaliza kuusema. Mwongo hahitaji akili nyingi, wajukuu zangu. Humtafuta tu mtu ambaye watu wameshamdharau, akamtwisha kosa lake."