Kisanduku Kilichofika Kila Chumba

Sogeeni, sogeeni karibu. Na wewe unayechekelea huko nyuma, kimeze hicho kicheko. Hii haipigiwi kelele.

Alikuwako mwalimu aliyefundisha hesabu kwa kompyuta, sebuleni kwake. Fundi wa intaneti akamletea visanduku viwili achague. Kidogo kiliishia sebuleni. Kikubwa, chenye antena nne, kilikuwa yote kwa pamoja: kinapokea intaneti ya waya wa mwanga, kinagawa waifai, kinafika mpaka chooni.

"Chukua kidogo, mwanangu," mama mkwe wake akamwambia. "Nyumba nayo huhitaji kona ya kupumua."

"Mama nawe! Unajificha nini, una mchumba?"

Wakacheka weee. Akachukua kikubwa. Kikafika kila mahali, isipokuwa chumba cha mama mkwe, ng'ambo ya ua, chenye kuta nene za mawe.

Asubuhi ya pili jogoo akapanda ukutani, akanyoosha shingo, akafunua mdomo. Kimya. Kuwika kukatokea sebuleni, ndani ya kisanduku.

"Spika hiyo," mume akasema.

"Hakina spika, baba watoto."

Adhuhuri ikawa zamu ya mume. Midomo inacheza jikoni, sauti inamwita mkewe sebuleni, na harufu ya nywele zilizoungua imejaa nyumba. Mume akaukata waya kwa kisu; taa za kisanduku zikaendelea kupepesa. Na huko uani binti yao wa miaka sita alikuwa akiruka kamba na kuimba, wimbo ukamkatika mdomoni, ukaendelea sebuleni bila yeye, ubeti kwa ubeti, mtoto akijishika koo na kumtazama mama yake kama anayemwuliza amekosa nini.

Mganga akaja, akaweka sikio ukutani, akaokota mkoba wake.

"Jini hili hufika kinapofika kisanduku," akanong'ona. "Mkikivunja, mmevunja sauti za watu wenu. Na mimi hutoa kilichoingia kwa wizi. Hiki mlikichagua."

Hata hajafika barabarani, kisanduku kikasema taratibu, kwa sauti ya mume:

"Mke wangu, yule wa chumba cha mawe simfikii. Nitolee, na mtoto atasema leo hii."

"Yule ni mama yangu."

"Mama wa nani?"

Mwalimu akageuka. Akamtazama binti akipiga makofi ili asikike. Kisha akasimama mlangoni pa ua.

"Mama! Njoo sebuleni, mtoto anakulilia!"

Mama mkwe akatoka mbio, kiatu mguu mmoja, mikono mbele. "Naja, mjukuu wangu, naj..."

Hakulimaliza neno.

Binti akakohoa. Mwalimu akampigia magoti. "Sema, mwanangu. Sema chochote."

Basi, mama mkwe hakumaliza mwezi. Nyumba alirithi mume, ambaye mpaka leo hugonga meza akitaka chumvi. Kitanda na nguo vilikwenda kwa wifi yake, dada wa mume. Mwalimu alirithi kisanduku, hathubutu kukizima. Na binti alirithi sauti ya bibi yake, ile ile nzito, yenye kukwaruza. Kila asubuhi mama yake akimsuka, huinua uso na kusema:

"Mwanangu, mtoto hakuwa akinililia. Ulijua."