Mpangaji wa Ubavuni

Mama Pindo alikuwa amebana pumzi ili atunge uzi kwenye sindano, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni mwake kama kawaida. Mdogo wake, aliyekaa kwenye cherehani ya pili, ndiye aliyeona utepe ule ukipanda na kushuka upande wa kushoto.

"Dada," alinong'ona, "unapumua na nani?"

Mama Pindo akacheka, maana mdogo wake kwa vituko hajambo. Kisha akatia mkono ndani ya blauzi, na kicheko kikamkauka. Mwaka uliopita, pale pale ubavuni, palitoka uvimbe wa kama yai. Tabibu wa zahanati ya jirani aliukamua ukatoka, akasema ni mafuta tu, akashona, akautupa bila kuupeleka maabara. Sasa ulikuwa umerudi, mgumu, umeng'ang'ania mbavu, na haukurudi peke yake.

Mchana huo chumba cha kushonea kikanuka nguo inayoungua, na pasi ilikuwa baridi. Sauti ikatoka kifuani, ya upole, kama ya mpangaji mpya.

"Nimepapenda hapa. Tusisumbuane."

Mdogo wake aliisikia. Aliangusha mkasi, akatoka mbio hadi kwa shangazi yao, mwanamke aliyejua mambo ya majini kuliko ya jikoni kwake.

"Jini akishakufanya kiti, akakaa ndani yako, hakatwi," shangazi alisema alipofika, akichungulia mlangoni bila kuingia. "Mlimkata mwaka jana, ona alivyorudi na hasira. Mbembelezeni."

"Nimbembeleze? Mimi si kiti cha mtu, shangazi."

Mama Pindo aliogopa, lakini hasira yake ilikuwa kubwa zaidi.

Katika hospitali kuu, daktari wa upasuaji alitoa kipande kwa sindano nene, na safari hii kikaenda maabara. Ilikuwa saratani ya nyama laini za ukuta wa kifua. Daktari hakumficha: wangeanza na mionzi, kisha angeuondoa uvimbe pamoja na nyama yenye afya inayouzunguka na mbavu tatu, aweke wavu mgumu mahali pake na kuufunika kwa msuli wa mgongoni.

"Mkono wa kushoto utadhoofika kiasi," alisema. "Lakini nikikata karibu karibu na uvimbe, utarudi tena, na unaweza kuingia kwenye mapafu. Hapo tutakupoteza, mama."

Jini naye alikuwa akisikiliza. Mama Pindo akilala chini ya mashine ya mionzi alimsikia akikwaruza mbavu kwa ndani, na ile harufu ya nguo inayoungua ikamfuata kwenye korido, kwenye gari, mezani, mpaka kwenye mto, na kila alipofumba macho sauti ilikuwa imesogea juu kidogo, kutoka ubavuni hadi kwapani, kutoka kwapani hadi shingoni, mpaka asubuhi ya upasuaji, akiwa kitandani chini ya taa kubwa, ilipomfika sikioni ikilia kama mtoto.

"Mwambie anitoe mimi tu, kama yule wa zahanati. Mbavu zako zibaki. Mkono wako ubaki, ushone."

Lilikuwa neno tamu, na Mama Pindo alilitamani. Mkono ule ndio uliomlisha. Akamgeukia daktari.

"Kata, daktari. Kata mpaka uikute nyama isiyomjua."

Dawa ikamlaza, na mayowe aliyoyasikia akizama hayakuwa yake.

Aliamka kifua kikimuuma kwa kila pumzi. Maabara walisema kingo zote za nyama iliyokatwa ni safi, hazina saratani. Mkono ulikuwa mzito kweli, akajifunza kusukuma kitambaa kwa kiwiko huku akitukana. Shangazi alikuja kutazama kovu, akatikisa kichwa, akasema yeye hayumo.

Miezi ikapita. Mchana mmoja, wakiwa kazini, kitu kikabisha hodi upande wa kulia wa kifua chake, ndani kabisa, kwa adabu zote.

Mdogo wake aliganda, macho yamemtoka. Mama Pindo akasimamisha cherehani na kuchukua mkoba wake.

"Karibu," akasema. "Ila usivue viatu. Tunakwenda hospitali sasa hivi."